Siku Baba Machozi Alipolia Bila Sauti

Kelele zilianzia pale kwa wauza mitumba, zikapanda barabara mpaka mlangoni pa karakana ya Wanzala. Hazikuwa kelele za ugomvi. Ugomvi wa pale steji ya matatu, Kawangware 56, Wanzala aliujua, haukosi mtu wa kuuliza mara kwa mara, "Wewe unanijua mimi?" Hizi zilikuwa kelele za kicheko, kile cha watu wengi kinachopanda na kushuka pamoja kama kwaya.

"Baba, kuja uone!" Trizah wa saluni ya ng'ambo ya barabara alimwita, kitana mkononi, mteja wake ameachwa na kichwa nusu. "Baba Machozi ako hapa steji! Laivu!"

Wanzala alitema misumari midogo aliyokuwa ameibana mdomoni. Fundi wa makochi hubana misumari mdomoni, nyundo mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, ndiyo maana mafundi wa makochi huwa hawana maneno mengi.

"Mwambie aendelee," akasema. "Mimi niko na kazi."

Hakuna mtu Kenya hii asiyemjua Baba Machozi. Kwenye runinga, kwenye simu, ubavuni mwa malori ya unga, ni yeye: mwanamume mzima, tai fupi, analia. Analia bei ya unga imepanda. Analia soksi zimelowa. Analia kwa sababu amesahau alichokuwa akililia. Analia kwa sauti ya ng'ombe aliyekwama kwenye tope, na watu hushika mbavu. Wakubwa humwalika kwenye sherehe zao awalilie shida za wananchi, wao wacheke mpaka wafute macho kwa vitambaa, halafu kesho yake wapandishe unga tena.

Sasa, huyo Baba Machozi jina lake la nyumbani ni Shivachi. Kabla nchi haijamjua, alikaa mlango wa pili kutoka kwa Wanzala kule Kibera, Soweto East, na alikula ugali wa Nafuna, mke wa Wanzala, kama uliosongwa na mamake. Nafuna alipokufa mwaka jana, Shivachi alituma shada la maua kubwa kama gurudumu la trekta, lenye utepe ulioandikwa lile jina la runinga. Yeye mwenyewe hakuonekana. Wanzala alilitupa lile shada nyuma ya zizi kule nyumbani Bungoma, ng'ombe wakalimaliza.

Kwa hivyo alichukua misumari mingine akaibana mdomoni. Lakini kicheko hakikuisha, na Trizah hakurudi kwa mteja wake, na mwisho Wanzala akatoka, akasimama kwenye ngazi ya karakana ili aone juu ya vichwa.

Shivachi alikuwa amekaa chini, kwenye ukingo wa mtaro, viatu vya bei ndani ya maji machafu. Simu zilikuwa zimemzunguka kama maua ya alizeti.

"Lia ile ya fare ya matatu imepanda, Baba!"

"Buda, leo umeanza pole pole. Weka sauti!"

"Wacheni, anajipanga. Ngojeni mtaona."

Watu walingoja ile sauti ya ng'ombe. Haikuja. Machozi tu yalikuwa yakishuka, uso umetulia, mdomo umefungwa, mkono wa kulia umeshika kifundo cha mkono wa kushoto kama mtu anayejizuia asiondoke. Na kila alivyozidi kunyamaza, ndivyo wao walivyozidi kucheka, maana walidhani huo ndio utamu wenyewe, kwamba mzaha mpya umezinduliwa kwao, 56, kabla Nairobi nzima haijauona.

Huyo hakuwa Baba Machozi. Kilio hicho kisicho na sauti Wanzala alikuwa amekiona zamani, na waliowahi kukiona ni wachache, na wengi wao sasa wako chini ya udongo.

Lazima niwarudishe Soweto East, ile ya kabla nyumba za ghorofa hazijasimama. Milango ilitazamana. Ukikaanga omena mlango wa kwanza, mlango wa mwisho wanakuja kuomba pilipili, na hawarudi mpaka wamekula. Maji yalikuja yakitaka, stima ilikuja ikitaka, lakini watu walikuwepo kila siku. Wanzala akikumbuka siku hizo husikia harufu ya mafuta ya taa na sauti ya Nafuna akigombana na redio. Ndiyo, na redio. Msomaji wa habari akisema mkubwa fulani ameahidi barabara, Nafuna anamjibu, "Ameahidi mamako!" na plot nzima, milango yote, inasikia.

Mtu akifa, plot ilifanya matanga. Turubai, spika za kukodi, moto wa magurudumu, na beseni la kuwekewa chochote ulicho nacho, ili mwenzenu asafirishwe akalale kwao. Wakubwa walikuja wakapiga marufuku, eti watoto wanaharibika na muziki. Hawakuleta gari la kubeba maiti. Basi matanga yakaendelea.

Na msema chochote wa matanga hayo, aliyeshika maikrofoni, alikuwa Shivachi. Mchana alibeba zege kwenye mjengo, jioni alibeba msiba wa watu. Alikuwa anaweza kumwigiza marehemu akikohoa mpaka mjane mwenyewe anacheka huku analia, na mtu akicheka namna hiyo mkono unaenda mfukoni wenyewe. Wengi walisafirishwa kwa mdomo wa kijana yule.

Lakini Nafuna ndiye aliyeona. Usiku mmoja, wa matanga ya fundi viatu aliyekuwa rafiki wa wote, alimwona Shivachi ameinama nyuma ya spika, anatetemeka. Hakumuuliza kitu. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya shuka iliyotundikwa kando, pale kina mama waliofiwa walipokuwa wameketi kwenye mkeka. Akamkalisha katikati yao. Akasema, "Umewabebea hawa wote. Sasa lia yako."

Kuanzia hapo ikawa sheria ya plot. Shivachi akimaliza kazi, maikrofoni inalazwa chini, yeye anaenda kwenye mkeka wa kina mama, na hakuna mtu wa kumwita mpaka ainuke mwenyewe. Hata walevi waliijua sheria hiyo. Na alikuwa analia vile vile, bila sauti, mkono umeshika mkono.

Halafu ghorofa za serikali zikaja. Wenye bahati walipata, wenye kujuana walipata, na wengine tukaambiwa tungoje. Wanzala na Nafuna walingojea Kawangware, chumba kimoja nyuma ya karakana, na wanangojea mpaka leo, ila mmoja anangojea kaburini. Plot ilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Shivachi alionwa na watu wa runinga kwenye matanga fulani. Wakampeleka mtaa wa Olympic akakodi nyumba, wakampeleka mbali zaidi, wakamwambia alie mbele ya kamera. Akalia. Ndivyo kilio chake kilivyouzwa, na hakuna aliyefikiri kumuuliza akishakiuza chote atabaki na nini.

Wanzala alishuka ngazi. Alipasua umati kwa viwiko.

"Mzee, usiharibu video!"

"Sogea, wewe." Akainama mbele ya Shivachi. Alikuwa amepanga kwa mwaka mzima maneno atakayomwambia siku wakikutana, maneno makali, aliyanoa kila jioni. Alichosema kilikuwa, "Inuka, twende ndani."

Shivachi alimtazama kama mtu anayetazama kutoka chini ya maji. "Mzee Wanzala?"

"Ni mimi. Viatu vinaloa."

Alimshika kwapani akamvuta mpaka karakana, akafunga mlango wa mabati. Umati ukafuata. Kwao mchezo ulikuwa umenoga, sasa kuna mzee ndani yake. Walipiga mabati kwa viganja. "Baba Ma-cho-zi! Baba Ma-cho-zi!" Shivachi alijikunja kati ya vipande vya sponji, mikono masikioni. Kila kofi la bati lilikuwa likimgonga yeye.

Trizah alipenya kwa mlango wa nyuma. "Baba, huyu si mzaha anafanya," akasema polepole. "Ama?"

"Si mzaha."

"Woi. Na mimi nimerekodi." Akaifuta ile video palepale. "Watavunja mlango hawa. Nitawaambia nini? Nikisema ni mgonjwa, watacheka zaidi. Watasema ni sehemu ya pili."

Wanzala alitazama ukutani. Picha ya Nafuna ilikuwa imetundikwa pale juu ya vyombo vyake vya kazi, amevaa kitambaa cha kanisa, ameuma mdomo ili asicheke. Akaitoa kwenye msumari.

"Una beseni?" akauliza.

Trizah ni mtoto wa watu wa Magharibi ya Kenya, beseni la matanga alilijua, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikimbia saluni akaleta beseni la kuoshea nywele, akalikausha kwa taulo. Waliweka stuli nje ya mlango, juu ya stuli picha, chini ya picha beseni na leso imetandazwa. Trizah akajifunga leso nyingine kiunoni, akasimama kando, mikono nyuma.

Nimewahi kuona polisi wakitawanya watu kwa moshi wa kuwasha macho, na haukufanya kazi kama lile beseni. Waliokuwa mbele walinyamaza kwanza. Mmoja akavua kofia. Ukimya ukarudi nyuma safu kwa safu mpaka ukafika kwa wauza mitumba. Simu zilishuka moja moja.

"Kumbe ni matanga," mtu akanong'ona. "Na sisi tunapiga mabati."

"Ndio maana Baba Machozi alikuwa analia. Ni mtu wake."

"Mazishi ni lini, dada?"

"Tutawaambia," Trizah akajibu, uso mkavu.

Na sarafu ya kwanza ikalia ndani ya beseni. Kisha noti. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatuma kijana alete kreti ya soda za waombolezaji. Wanzala alitazama kupitia ufa wa mlango. Siku Nafuna alipokufa kweli, baada ya kukaa kwenye kiti cha hospitali ya serikali akingoja mashine iliyoharibika itengenezwe, watu waliokuja walikuwa wa kuhesabika, maana plot ilikuwa imetawanywa na hakuna aliyemjua mwenzake huku. Sasa, kwa matanga ya uongo, wageni walikuwa wamepanga foleni. "Haya, mama," akamwambia ile picha kimoyomoyo. "Umeona? Wamekuja." Pesa hizo baadaye Trizah alizipeleka kwa familia iliyokuwa imefiwa kweli nyuma ya soko. Isije ikasemwa tulizila.

Ndani Wanzala alitandaza gunia la katani sakafuni kwa kukosa mkeka, akaketi kando ya Shivachi. Hakujua cha kufanya na mikono yake. Nafuna angejua. Yeye alichojua ni misumari na springi.

"Hakuna mtu atakuita," akasema.

Chai ikaletwa, ikapoa.

"Nilikuja, Mzee," Shivachi akasema hatimaye.

"Wapi?"

"Kumzika Mama. Nilikuja mpaka lango. Niliposhuka kwa gari nikaona jeneza, nikaanza kulia, na watu wakacheka. Mzee, walicheka! Kwa mazishi ya Mama. Mmoja akasema, 'Leo burudani iko, fungua spika.' Nikarudi kwa gari. Nikamwambia dereva aache maua getini tuondoke."

Yale maneno Wanzala aliyoyanoa mwaka mzima yalianguka ndani yake moja moja.

"Tangu siku hiyo siwezi kujua," Shivachi akaendelea. "Nikilia nyumbani, nasikia watu. Nikinyamaza, nasikia watu. Silali. Leo tulikuwa kwa jam ya magari na Kihara, meneja wangu, nikafungua mlango nikashuka. Nilikuwa natafuta mahali pa kumaliza hii kitu, Mzee. Pa kumaliza kabisa. Halafu nikaona 56, nikakumbuka mlihamia huku. Miguu ikakataa kwenda mbele."

"Ilifanya vizuri kukataa," Wanzala akasema. Sauti yake ilikuwa mbovu. "Hiyo miguu iko na akili kuliko sisi wote."

Mlango wa nyuma ukagongwa. Aliingia Kihara mwenyewe, mtu wa koti la ngozi na simu mbili, kofia mkononi. Alikuwa ameliona beseni la mlango wa mbele. "Pole sana, mzee wangu," akasema, akampa Wanzala mkono kwa heshima zote. "Sikujua mmefiwa. Ni nani?"

"Mke wangu."

"Pole. Pole kabisa. Ametuacha lini?"

"Mwaka jana."

Kihara aliangalia mlango, akachungulia beseni nje kupitia ufa, akaangalia Shivachi sakafuni. Akavaa kofia yake polepole.

"Sawa, mmenipata," akasema. "Lakini mzee, elewa. Jumamosi kuna shoo ya mheshimiwa. Imelipwa, imetangazwa. Huyu alie kidogo tu, dakika tano, halafu nampeleka mwenyewe Naivasha apumzike."

"Mheshimiwa alie mwenyewe. Sababu anazo."

"Hii si mchezo, mzee. Hawa watu ukiwaangusha hawakuiti tena."

"Wasiite! Walimwita mpaka akafika kwa mtaro. Wewe ulikuwa wapi? Unakaa naye kila siku, hukuona?"

Kihara akakaa juu ya rundo la sponji, koti na yote. "Niliona," akasema. "Halali tangu Krismasi, ananitisha. Nilidhani akifanya kazi atasahau. Sisi wote si hufanya hivyo?" Alimtazama Shivachi kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Bro, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Shivachi akasema. "Ulicheka."

Nje sarafu nyingine ikaanguka. Kihara alivua kofia tena, na safari hii hakuna aliyemdanganya. Alichukua simu moja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Walimsikia akisema, "Hapana, mheshimiwa. Hapana. Ni mgonjwa. Ndiyo, mgonjwa kweli," na sauti ya upande wa pili ikibweka kama mbwa wa askari.

Ijumaa walienda kliniki. Mhudumu wa magonjwa ya akili huja Ijumaa peke yake, na chumba alichopewa ni kile cha kupimia watoto uzito. Wakubwa wakiumwa kichwa hupanda ndege, sisi tuna twiga aliyechorwa ukutani. Kwenye benchi jamaa mmoja alimtambua Shivachi, akaangua kicheko. "Ai! Hata wewe?" Kisha akakumbuka na yeye yuko foleni hiyo hiyo. Akajisogeza, akamwachia nafasi.

Mhudumu aliitwa Lenah, mwanamke mdogo mwenye sauti ya kuchoka. Shivachi alikataa kuingia bila Wanzala, wakaingia wote, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na masikio.

"Nini kinakusumbua zaidi?" Lenah akauliza.

"Sijui tena kama anayelia ni mimi au ni yule."

Wanzala alimkazia macho yule mwanamke, tayari kumuinukia akicheka. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake karibu. "Tuanze na yule," akasema. "Niambie, alikuja lini?"

Waliongea sana. Mwisho Lenah alisema huu ni ugonjwa, una jina, una dawa, na una kazi ya kuongea ambayo ni ndefu. Alimwambia Wanzala asimwache peke yake hata kidogo kwa siku hizi za kwanza, na ile hali ya kutafuta mahali pa kumaliza ikirudi, waje wasingoje Ijumaa.

"Na nikiwa na kazi?" Wanzala akauliza.

"Fanya kazi, baba. Awe mahali unamuona."

Jumamosi jua likiwa utosini, pikapu ilisimama nje ya karakana. Alishuka Mbuthia, mwenye plot nyingi za Kawangware, tumbo mbele, funguo zinacheza kidoleni. Alikuwa na wageni jioni, wakubwa, na kochi lake la viti vitatu lilikuwa limekamilika tangu juzi.

"Fundi, toa kochi. Vijana wangu wako hapa wabebe."

Wanzala alitoka akasimama mlangoni, mgongo umeziba nafasi.

"Halitoki leo, Mbuthia."

"Ati nini? Nimelipa!"

"Nitakurudishia usafiri. Kuna mtu amelala juu yake."

"Mtu gani analala mchana kwa kochi langu? Muamshe!"

"Hajalala tangu Krismasi," Wanzala akasema. "Sasa amelala. Hata rais akija, simuamshi."

Mbuthia alinyoosha shingo. Kwa juu ya bega la Wanzala aliona miguu miwili ndani ya soksi, kichwa kimefunikwa kipande cha kitambaa cha maua, na kifua kinachopanda na kushuka bila haraka. Alitaka kupiga kelele. Alianza hata. Lakini kulikuwa na kitu katika ule usingizi, au katika yule mzee mlangoni na nyundo yake, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga.

"Ataamka saa ngapi?"

"Akitaka," Wanzala akasema, akaurudisha mlango taratibu, akiushikilia chini kwa mguu usije ukakwaruza simiti.